Bunduki ya Kwanza ya Junie

Jumapili, 3 Septemba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nikifyatua bunduki, mimi hufumba macho. Sisemi kupepesa. Nafumba kabisa, kama mtoto anayedungwa sindano, na nafumba kabla ya mlio, si baada yake. Ilianza nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, siku Baba aliponiwekea begani bunduki ya Babu nyuma ya ghala, na teke lake likanilaza chali kwenye majani makavu. Tangu hapo kidole changu kikigusa kifyatulio tu, macho hujifunga yenyewe, bega husukuma mbele na mtutu huinama.

Kinachoifanya siri hii iwe nzito ni kwamba Novemba ya mwaka huohuo nilimuua kulungu dume mwenye pembe za matawi kumi. Kichwa chake kiko sebuleni, juu ya televisheni. Sikumwona akianguka. Nilifumba, nikafyatua, nikafumbua, nikamkuta amelala. Baba alinikumbatia mpaka kofia yangu ikadondoka kwenye theluji. Kisa hicho amekisimulia kwa kila mtu aliyewahi kuingia nyumba hii, hadi fundi aliyekuja kutengeneza tanuri ya kupasha nyumba joto, na kila mara hukimalizia vilevile: "Wala hakupepesa jicho."

Naandika leo kwa sababu ya Junie. Mdogo wangu ametimiza miaka kumi. Keki haijakatwa, Baba akasimama akatangaza kwamba msimu huu Junie ataingia msituni kuwinda kulungu. Junie alikimbia kuizunguka meza. Kisha Baba akasema, "Na ataanza na bunduki ya Babu, kama sisi sote tulivyoanza nayo. Marit amemaliza shule sasa. Yeye tutamnunulia yake mpya."

Wote walinigeukia wakingoja nifurahi. Nilisema asante, nikala keki.

Jumatano, 6 Septemba

Kiwandani kutwa, kufunga jibini kwenye mifuko. Mikono inanuka maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Baba. Nilipofika nyumbani alikuwa chini ya pikapu, sikuweza kuongea na miguu.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimejaribu. Baba alikuwa kwenye banda la gari, akiipaka mafuta bunduki ya Babu. Ni ndefu, nzito, kitako chake cha mbao kimekuwa cheusi kwa mikono ya watu. Nyuma kabisa ya kitako Babu alichonga herufi ya kila mtoto aliyeanza nayo: G ya Gordon, yaani Baba, D ya Dewey, mdogo wake, na baada ya Babu kufa, Baba mwenyewe akachonga M yangu. Pembeni ya M pamebaki nafasi.

"Baba, Junie ni mdogo wa umbo. Ni mdogo kuliko nilivyokuwa mimi."

"Atakua."

"Msimu ni Novemba."

"Wewe ulikuwa kama kijiti cha kiberiti, ukaiweza."

"Ipo bunduki nyepesi, Baba. Risasi yake ndogo kidogo, teke lake dogo, na kulungu inamtosha. Nimesoma."

Aliendelea kupaka mafuta. "Tutaona," akasema.

Kwa wageni, "tutaona" labda ni neno la matumaini. Katika kinywa cha Baba ni hapana iliyovaa koti.

Jumapili, 17 Septemba

Baba Mdogo Dewey amevuka barabara kuja kutazama mpira. Timu yetu imefungwa, kwa hiyo alihitaji kitu kingine cha kucheka, akanipata mimi.

"Nasikia msomi wetu anataka mtoto apewe bunduki ya kuulia kindi."

"Si ya kindi," nilisema. Sauti yangu ikatoka kama ya kindi.

"Sikiliza, Marit. Risasi ndogo hujeruhi. Kulungu atabeba kidonda chake mpaka kaunti ya jirani afie huko, na wao wale soseji za nyama yetu."

"Akipigwa mahali pake hafiki mbali."

"Na nani atampiga mahali pake? Baba yako?"

Hapo hata Baba alicheka. Kwenye kibanda chetu cha mawindo, mtu akimfyatulia kulungu akamkosa, hukatwa upindo wa shati lake kwa kisu, ukaandikwa jina na mwaka, ukapigiliwa ukutani. Pindo za Baba ni nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote. Yeye husema upepo, husema tawi, husema darubini ilisogea.

"Gordon, zako zinatosha kushona pazia," Baba Mdogo akasema. "Ndiyo maana Mungu akakupa Marit. Risasi moja, dume mmoja, shati zima."

Shati langu ni zima kwa sababu tangu siku ile sijafyatua tena. Kila msimu nakaa kwenye dungu juu ya mti, kulungu wanapita chini yangu, narudi kibandani nasema sikuona kitu. Wananihurumia kwa bahati mbaya.

Jumatatu, 25 Septemba

Mvua. Nimemwuliza tena. Tutaona.

Jumamosi, 30 Septemba

Leo Baba ametupeleka mjini dukani kuchagua bunduki yangu. Kwenye gari nilifanya mazoezi kimoyomoyo njia nzima.

Mwanamke wa dukani aliniletea tatu. Nilizishika kidogo kwa adabu, kisha nikamwomba ile fupi iliyokuwa mwisho wa safu, nikampa Junie. Mwanamke alimwambia aukunje mkono, akaweka mwisho wa kitako kwenye kiwiko chake kwa ndani. Kidole cha Junie kikafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Akaiinua begani na shavu lake likakaa mahali pake, jicho likaingia moja kwa moja kwenye darubini.

"Naona saa ile," Junie akasema. "Naona hata mshale wa dakika."

Kwa bunduki ya Babu, lazima ageuze shingo kama kuku anayetazama angani.

Baba akauliza, "Hiyo unaitaka wewe, Marit?"

"Hapana. Ni ya Junie."

"Junie anayo bunduki."

"Basi mnunulie yeye hii, mimi nibaki na ya Babu. Sihitaji mpya."

Nilisema hivyo mbele ya watu, na masikio yalikuwa yananiwaka moto. Sijui kama nimewahi kumpa mtu kitu kikubwa zaidi. Baba alinitazama kama niliyemwambia nahamia mwezini.

"Bunduki ya Babu haikai kwa mtu mmoja. Inapita."

Mwanamke wa dukani alisema kwamba, kama ni suala la urefu, kitako cha ile ya zamani kinaweza kukatwa kidogo nyuma. Ni kazi ya mchana mmoja.

Baba akaenda kwenye rafu ya risasi. Nyuma ndiko zilipo herufi. Ungedhani ameambiwa mguu wa Babu ukatwe apate kuingia kwenye jeneza.

Tumerudi bila bunduki yoyote. Ya Junie hapana, na yangu sikuchagua. Baba alinunua boksi la risasi nene, akampa Junie alipakate njia nzima.

Jumapili, 8 Oktoba

Shimo la kokoto. Siku ya kwanza ya Junie kufyatua.

Majani ya miti yameanguka yote, upepo ulikuwa baridi. Baba alimketisha nyuma ya gogo, akamfunika masikio, akaweka mkono mgongoni kwake. Alimfundisha vizuri. Lazima niandike hilo, maana leo nina hasira naye na sitaki kumwonea. Alimfundisha mtutu uelekee wapi, kidole kikae nje mpaka wakati wake, apumue nusu halafu atulie. Kila neno lilikuwa sahihi, ila alichokishika mtoto.

Mlio ukagonga ukingo wa shimo ukarudi. Junie alisogea nyuma na bunduki yake kama kiti kilichosukumwa. Kofia ikamwangukia usoni. Alipoivua, macho yalikuwa yamejaa.

"Imekusalimia," Baba Mdogo akasema.

"Silii," Junie akasema. "Ni upepo."

"Hivyo ndivyo!" Baba akasema, na kwa kweli alikuwa anang'aa kwa fahari. "Dada yako ilimwangusha kabisa. Wewe umebaki umekaa. Haya, tena."

Mimi nilikuwa pembeni, usawa wa uso wake. Mara ya pili niliona kila kitu. Kidole kilipogusa, kope zikajifunga kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana, bega likasukuma, mtutu ukainama. Ilikuwa kama kujitazama kwenye kioo.

Nyumbani alifunga mlango wa bafu akaniita mimi peke yangu. Bega lake lina alama kubwa rangi ya zambarau, katikati nyekundu.

"Usimwambie Mama, atanikataza."

"Sawa."

"Wewe ilikuuma?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi.

"Nilizoea," nikasema.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nilizoea. Neno hilo nimelifunga leo kwenye kila mfuko wa jibini.

Jumamosi, 14 Oktoba

Junie tumbo linamuuma. Hawakwenda shimoni. Mvua.

Jumamosi, 21 Oktoba

Tumbo tena, lakini Baba alisema hewa itamsaidia. Risasi zake hazikugusa hata karatasi ya shabaha. Baba Mdogo akasema mtoto anahitaji kuzoea, risasi nyingine, na nyingine. Baba akasema Marit pia alianza hivyohivyo, halafu mwone. Junie akanitazama, na macho yake yalikuwa na tumaini. Niligeuka nikaanza kuokota maganda ya risasi.

Jumanne, 24 Oktoba

Mama amelijua bega. Alikuwa ametoka zamu kwenye nyumba ya wazee, bado na viatu vyake vyeupe, akamkuta Junie anabadilisha fulana. Alikuja chumbani kwangu akakaa kitandani.

"Ongea na baba yako."

"Ongea wewe, Mama. Wewe ndiye mke wake."

"Mimi sijashika bunduki maishani. Nikisema, nitaambiwa ni woga wa mama, na Dewey atapata wimbo wa kuimba mpaka Krismasi. Wewe ndiye mwenye kichwa ukutani. Watu wa namna hii humsikiliza mwenye kichwa ukutani."

"Nimeongea, hanisikii."

"Unaongea kama mtu anayeomba chumvi," Mama akasema, akanibusu kipajini, akaenda kulala.

Amesema kweli, nami nimekasirika kwamba amesema kweli. Neno langu lina uzito kwa sababu ya yule dume tu. Na neno pekee litakalomsaidia Junie ni kwamba yule dume hakuwa wangu kweli. Nikilisema, kichwa kinaanguka ukutani, na neno langu linaanguka nacho.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nilikuwa nimeamua leo. Baba akaja na mwenzake wa kazini, wakasimama chini ya kichwa na bia mkononi. "Alikuwa na miaka kumi na mmoja," Baba akaanza. Nikarudi jikoni nikaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Jumatano, 1 Novemba

Barafu nyembamba kwenye madirisha asubuhi. Baba Mdogo aliniomba nimsaidie kupanga makopo katika chumba chake cha chini, anakojaza risasi zake mwenyewe. Juu ya meza kulikuwa na moja iliyopakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako chake.

"Hiyo ni maiti," akasema. "Haina baruti, haina fataki. Napimia urefu. Ni ya saizi ya bunduki ya babu yako." Aliirusha juu akaidaka. "Zamani tulikuwa tunamchomekea mtu asijue. Anavuta, inalia ka, basi. Bunduki imetulia, haina teke. Kama na yeye katulia, ni mwindaji. Kama karuka, karuka mwenyewe. Mlio humfichia mtu aibu, Marit. Kimya humuumbua."

"Mlimfanyia nani?"

"Wageni. Ndugu humfanyii, ni matusi."

Akapanda juu kupokea simu. Nikaitia maiti mfukoni mwa koti langu. Sijawahi kuchukua kitu cha mtu. Nimepanga hivi: shimoni mimi ndiye ninayempa Junie risasi. Nitachanganya hii. Baba ataona kwa macho yake mtoto anavyoruka bunduki ikiwa kimya, na sitalazimika kusema chochote.

Jumamosi, 4 Novemba

Nataka kuandika kwa utaratibu.

Tulifika shimoni baada ya chakula cha mchana. Anga ilikuwa ya kijivu na chini, theluji inatishia lakini haishuki. Bunduki ya Babu ilikuwa kwenye gogo, mtutu umeelekea ukingoni. Baba akasema, "Marit, mpe moja." Nikaingiza ile nyekundu mwenyewe, nikafunga komeo.

Junie aliiinua. Akaweka shavu. Akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akairudisha juu ya gogo taratibu, vizuri, kama alivyofundishwa, akasema, "Sitaki."

"Junie," Baba akasema.

"Sitaki, Baba. Samahani. Sitaki kuwa mwindaji."

Huyu ndiye mtoto aliyekimbia kuizunguka meza.

Baba Mdogo akapuliza hewa mdomoni, akageuka kwenda kwenye pikapu kutafuta chupa ya kahawa. Baba alichuchumaa kando ya Junie. Hakumkaripia. Alisema, "Hebu inuka. Mimi nitafyatua hii, wewe tazama tu jinsi isivyo kitu."

Junie akaja kwangu mbio, akauficha uso kwenye koti langu na kuziba masikio juu ya kinga zake. Baba akaketi nyuma ya gogo akaichukua bunduki.

Ningeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu: ngoja. Nililiacha mahali yanapokaa maneno yangu yote.

Baba akalenga. Akapumua nusu. Ka.

Na Baba akaruka. Bega lake likasukuma mbele, mtutu ukainama mpaka karibu uguse kokoto, na uso wake, uso wa Baba mwenye ndevu zenye mvi, ulikunjamana na macho yamefungwa kabisa, kama mtoto anayedungwa sindano.

Kimya. Upepo tu. Akabaki amefumba kitambo kidogo zaidi ya inavyohitajika, nadhani kwa sababu alijua atakapofumbua nitakuwa nimesimama pale. Kisha akafungua komeo, akaidaka ile risasi kiganjani, akaigeuza, akaona rangi ya kucha. Akaniinulia macho.

"Nilitaka umwone Junie," nikasema. Haikutoka hata sauti, midomo tu.

"Vipi, imekataa?" Baba Mdogo akapaza sauti kutoka kwenye pikapu.

"Mbovu," Baba akasema, akaitia mfukoni.

"Zangu?"

"Za dukani."

"Nimekwambia mara ngapi uache za dukani."

"Baridi imezidi," Baba akasema. "Twendeni nyumbani."

Ndani ya gari Junie alilala begani kwangu.

Jumapili, 5 Novemba

Baba hakwenda kanisani. Tuliporudi alikuwa nyuma ya ghala anapasua kuni, na tayari zilikuwa zinatosha kwa vipupwe viwili. Nikaanza kuzipanga, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Uliona nini jana?" akauliza bila kugeuka.

"Niliona."

"Sikuulizi kama uliona."

"Ulifumba macho, Baba."

Akasimamisha gogo, asilipasue. "Ilikuwa hapa hapa. Nilikuwa na miaka tisa. Nilianguka chali, Babu yako akacheka, na mimi nikacheka ili asijue. Kisha nikainuka akanipa nyingine." Akalisogeza gogo kwa mguu. "Hakuna upepo kwenye zile pindo, Marit. Wala hakuna tawi."

Hapo nikakasirika. Sijawahi kumkasirikia Baba kwa sauti. "Sasa kwa nini unampa Junie? Unajua inavyomfanya mtu, unampa mtoto!"

"Kwa sababu wewe uliiweza." Aligeuka sasa. "Miaka yote nilidhani ni bunduki. Halafu nikakupa wewe, mtoto mwembamba hivyo, ukamwangusha dume kwa risasi moja. Nikasema, kumbe bunduki haina kosa. Kosa ni langu. Wengine wana moyo, mimi sina."

Nilikuwa nimeshika kuni kifuani. Nikaziweka chini, maana hili halisemwi na mikono imejaa.

"Baba, mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Nilifumba. Siku ile ya dume. Sikumwona akianguka. Na tangu siku ile sijafyatua tena. Wanapita chini ya dungu langu, nawaacha, narudi nadanganya."

Nilifikiri atauliza ushahidi, au atakwenda kukishusha kichwa. Akaketi juu ya gogo la kupasulia, kofia mkononi.

"Basi yule dume," akasema mwishowe, "alikuwa na bahati mbaya kuliko kulungu wote wa Wisconsin."

Tukacheka, lakini si sana. Nilikuwa bado na hasira na sasa sijui nimkasirikie nani. Mtu mmoja angesema neno moja, miaka ile au hii, wote tungekuwa salama. Hakuna aliyesema. Sisi ni familia ya watu wanaosingizia upepo.

"Dewey asijue," Baba akasema akiinuka.

"Hatajua."

Ijumaa, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Niliporudi kutoka kazini, bunduki fupi ya dukani ilikuwa juu ya meza ya jikoni, na Junie ameketi mbele yake, mikono magotini, haigusi. "Baba anasema nisiishike kama sitaki," akaniambia. "Anasema naweza kuitazama tu hata mwaka mzima."

Aliitazama mpaka chakula cha jioni.

Jumapili, 12 Novemba

Shimoni, sisi watatu tu. Baba alimwambia Baba Mdogo tunakwenda kununua viatu. Junie alifyatua, akatugeukia. "Ni hivyo tu?" Akaomba nyingine.

Kisha Baba akaniambia, "Zamu yako." Nilifumba. Nikafumba tena. Baada ya nyingi, mara moja tu, niliona tundu likitokea kwenye karatasi. Lilitokea tu, kimya, kama mtu ametoboa kwa kalamu. Nilimpa Baba bunduki. Akasema labda siku nyingine, kisha akaipokea.

Ijumaa, 17 Novemba

Tuko kibandani. Jiko la kuni, soseji, karata. Baba Mdogo ameuliza ilipo bunduki ya Babu.

"Ina kutu kidogo kwenye komeo," Baba akasema. "Iko kwa fundi."

Iko kabatini nyumbani, nyuma ya makoti, imepakwa mafuta na kufungwa blanketi.

"Kwa hiyo mtoto ataingia msituni na hii fimbo ya kupigia nzi."

"Ndiyo," Baba akasema, akatupa karata. "Cheza."

Jumamosi, 18 Novemba

Sheria inataka mtu mzima awe karibu na mtoto kiasi cha kumfikia kwa mkono. Baba alisema mtu mzima huyo ni mimi. Tulipanda dungu bado giza, Junie mbele, mimi nyuma yake bila silaha, sote katika rangi ya machungwa ya wawindaji, kama taa za barabarani. Tulikaa mpaka vidole vya miguu vikapotea.

Jike mkubwa alitoka kwenye misonobari akiwa peke yake. Nilihisi mgongo wa Junie ukikaza. Akangoja ageuke ubavu. Mimi sikumtazama kulungu, nilitazama uso wa Junie. Mlio ukatoka, na jicho lake lilikuwa wazi kama dirisha.

Kulungu akaruka, mkia mweupe juu, akapotea.

Baba na Baba Mdogo walikuja kwa mlio. Walitafuta damu kwenye theluji mbali, kwa uangalifu, wakazunguka mpaka kijito. Hapakuwa na tone.

"Nilimpita juu ya mgongo," Junie akawaambia. "Risasi iligonga lile tawi, theluji ikaanguka, yeye akageuza kichwa hivi, halafu akaenda. Nilimwona wakati wote."

Baba Mdogo alikwenda kwenye tawi. Lilikuwa na jeraha jipya, jeupe. Akaligusa kwa kidole.

"Wakati wote?" akauliza.

"Ndiyo. Kwani wewe huoni?"

Baba Mdogo akaendelea kulitazama tawi. Nimeandika hilo kwa sababu ninajiuliza kama yeye huona.

Jioni kisu kilitoka. Junie alisimama juu ya kiti, mikono kiunoni, shati lake la mirabaraba likakatwa upindo, na Baba akampa nyundo aupigilie mwenyewe. Ameuweka katikati ya pindo za Baba. Hakuna aliyewahi kufurahia aibu kiasi kile.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, viazi, jirani mpya na mkewe mezani. Jirani akakiona kichwa kilicho juu ya televisheni, akauliza. Nikaweka uma chini.

Baba akaanza. "Alikuwa na miaka kumi na mmoja." Akasimulia theluji, kofia iliyodondoka, pembe za matawi kumi. Alipofika mwisho alinitazama ng'ambo ya bakuli la mchuzi, akasita, akasema, "Basi, akaanguka." Akaomba mkate. Lile la jicho hakulisema.

Junie alikuwa anamwonyesha mke wa jirani shati lake lililokatwa.

Wewe utakayeyasoma haya siku moja, kama upo, nakuomba kitu. Siri niliyoanza nayo Septemba ni yangu, na nimekwisha kuilipia. Ukitaka kuitoa, itoe, sitakuchukia. Lakini ile ya shimo la kokoto, uso ule wa Baba bunduki ikiwa kimya, hiyo si yangu kukupa na nimekupa. Ukikutana na Baba Mdogo Dewey, akakuuliza kuhusu zile pindo zote ukutani, mwambie ilikuwa upepo.